Kutafsiri shairi la Li Yu kwa Kiswahili: kutoka silabi 36 hadi mizani 72

Li Yu alirithi utawala wa dola ya Tang ya Kusini mwaka 961, akaupoteza mwishoni mwa 975, akafa mateka ugenini mwaka 978. Mashairi yake ya aina ya *ci*, yaani tungo za kuimbwa, yaliyosalia ni thelathini na kitu tu, na machache kati ya hayo huonekana pia chini ya majina ya washairi wengine. Hata hivyo, watawala wa China wanaosomwa kama yeye ni wachache, na mashairi ya utekwani ndiyo yanayojulikana zaidi.

Mwongozo huu unafuata shairi lake moja fupi, neno kwa neno, mpaka lipate sura ya Kiswahili yenye mizani na vina. Si lazima ujue Kichina. Unachohitaji ni maandishi ya Kichina yenye matamshi yake kwa herufi za Kilatini (pinyin), kamusi inayofafanua Kichina cha kale na si cha leo pekee, na uzoefu wa kuhesabu mizani.

Hakikisha umempata Li Yu mwenyewe

Ukitafuta "Li Yu" kwa herufi za Kilatini utachanganyiwa watu wawili. Mmoja ni mtawala wetu, 李煜, aliyezaliwa 937. Mwingine ni 李漁, mwandishi wa tamthilia aliyeishi 1611 hadi 1680. Tafuta kwa herufi za Kichina, au kwa jina la Li Houzhu, yaani Li mtawala wa mwisho.

Tang ya Kusini nayo isichanganywe na Tang kubwa ya 618 hadi 907. Ilikuwa dola ya ukanda wa kusini iliyoanzishwa na babu yake mwaka 937, mji mkuu ukiwa Jinling, Nanjing ya leo. Mwaka 958 baba yake, Li Jing, alishindwa vita na dola ya Zhou ya Baadaye. Alipoteza ardhi yote ya kaskazini mwa mto Yangtze, akalazimika kuuvua ukaisari na kujiita mtawala wa nchi tu. Kwa hiyo mwana alirithi kiti kilichokwisha kupunguzwa hadhi. Ukimwita kaisari katika utangulizi wa tafsiri yako, umeanza na kosa.

Tarehe nyingine za kushika: mke wake wa kwanza, Zhou, mpigaji hodari wa *pipa* (ala ya nyuzi ya Kichina), alifariki mwishoni mwa 964 kwa kalenda ya Kichina, na mwaka 968 Li Yu alimwoa mdogo wa marehemu. Mwaka 971, baada ya jirani yake Han ya Kusini kumezwa na Song, dola mpya ya kaskazini, aliondoa neno "Tang" katika jina la nchi ili kuwaridhisha wakubwa wapya. Haikumsaidia. Mwaka 974 jeshi la Song lilivuka Yangtze kwa daraja la mashua lililofungwa pale Caishi, na Jinling ikaanguka baada ya kuzingirwa. Alipelekwa Kaifeng, mji mkuu wa Song, akapewa cheo cha kumdhalilisha: Mwinyi Mkaidi wa Amri.

Vitabu vingine vitakuambia Jinling ilianguka 975, vingine 976. Vyote viko sawa, kwa sababu mwisho wa mwezi wa 11 wa Kichina mwaka ule uliangukia mwanzoni mwa Januari 976. Vivyo hivyo umri: Wachina wa kale humhesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anapozaliwa, kwa hiyo utasoma kwamba alikufa na miaka 42, wakati kwetu ni karibu 41. Kisa cha kwamba alipewa sumu na mtawala wa Song kimetoka katika maandishi ya baadaye. Kinapendwa mno, lakini usikitumie kama ufunguo wa kufasiri shairi.

Kwa nini tarehe hizi zote kwa mtu anayetaka kutafsiri silabi 36? Kwa sababu mikusanyo ya *ci* hupangwa kwa majina ya tuni na si kwa miaka. Shairi la karamu ya ikulu linaweza kukaa ukurasa mmoja na shairi la mateka, na anayesoma kwa mfululizo atadhani ni sauti ya siku moja. Itakubidi utafute ushahidi ndani ya mashairi yenyewe. Mfano mzuri ni shairi la tuni ya Pozhenzi, linaloanza kwa kutaja "miaka arobaini ya nyumba na nchi" na baadaye kutaja siku ya kugeuka mateka. Hesabu kutoka 937 hadi 975: unapata takribani arobaini. Hilo ni la baada ya kuanguka. Shairi la tuni ya Pusaman, ambamo msichana anatembea na soksi huku ameshika viatu vyake mkononi usiku wa ukungu, ni la siku za raha. Mengine hayatoi ushahidi wowote, nayo ni afadhali yaachwe bila tarehe kuliko kubuniwa moja.

Jina la juu ni la tuni

*Ci* ni utungo wa kuimbwa. Mshairi hachagui urefu wa mishororo. Anachagua tuni, na tuni inamwamuru idadi ya silabi katika kila mshororo, mahali pa vina na mpangilio wa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ya kila silabi. Anayejua bahari za ushairi wa Kiswahili ataelewa mara moja. Muziki wenyewe umepotea, umebaki ukubwa wa vyombo.

Kwa hiyo usilitafsiri jina la tuni kama kichwa cha habari. Shairi lake mashuhuri la tuni ya Yu Meiren ("Bibi Yu Mrembo") halimhusu bibi Yu wa historia hata kidogo. Shairi tunalolifanyia kazi hapa lina tatizo jingine: baadhi ya vitabu huliweka chini ya tuni ya Xiangjianhuan, vingine chini ya Wuyeti. Na Wuyeti hiyohiyo ni jina la tuni nyingine ndefu zaidi, ambayo Li Yu aliitumia katika shairi la silabi 47. Ukilinganisha tafsiri mbili ukaona hazifanani kabisa, hesabu silabi za Kichina kwanza. Zikiwa 36, uko mahali petu.

Tambulisha shairi kwa mshororo wake wa kwanza. Ndivyo wasomaji wa Kichina wenyewe wanavyofanya.

Andika matini na uhesabu

Lichape shairi hivi, nafasi ikiachwa kati ya beti mbili:

无言独上西楼，月如钩。寂寞梧桐深院锁清秋。
*Wú yán dú shàng xī lóu, yuè rú gōu. Jì mò wú tóng shēn yuàn suǒ qīng qiū.*

剪不断，理还乱，是离愁。别是一般滋味在心头。
*Jiǎn bú duàn, lǐ hái luàn, shì lí chóu. Bié shì yì bān zī wèi zài xīn tóu.*

Kila herufi ni silabi moja, bila ubaguzi. Ubeti wa kwanza: 6, 3, 9. Wa pili: 3, 3, 3, 9. Kila ubeti 18, jumla 36.

Sasa vina. Lóu, gōu, qiū, chóu na tóu vinashikana: vitano. Katikati ya ubeti wa pili vinaingia viwili vya sauti nyingine, duàn na luàn, halafu kina cha kwanza kinarudi. Weka alama mbili za rangi tofauti. Mabadiliko haya si pambo. Yanakuja pale shairi linapojaribu kukata na kupanga kitu kisichokatika, na sauti ya msomaji inajikwaa pamoja nalo.

Neno kwa neno

Andika maana ya kila herufi bila kuunganisha sentensi.

*Wu yan*: bila maneno. *Du*: peke. *Shang*: panda. *Xi lou*: ghorofa ya magharibi. *Yue ru gou*: mwezi kama kulabu. *Ji mo*: upweke. *Wu tong*: mti fulani wa majani mapana. *Shen yuan*: ua wa ndani sana. *Suo*: funga kwa kufuli. *Qing qiu*: msimu wa kupukutika majani, mwangavu na wa ubaridi.

*Jian bu duan*: kata, haikatiki. *Li hai luan*: panga, bado vurugu. *Shi li chou*: ni huzuni ya kutengana. *Bie shi yi ban zi wei*: ni ladha ya namna nyingine. *Zai xin tou*: iko moyoni.

Kamusi ya Kichina cha leo itakutega mara tatu hapa. *Bie* leo mara nyingi ni katazo, "usi-", ilhali hapa ni "-ingine, ya peke yake". *Yi ban* leo ni "kawaida". Hapa ni "aina moja". Mwenye haraka hutafsiri mshororo wa mwisho kuwa "isiwe ladha ya kawaida", na shairi zima linaanguka. Herufi 还 ina matamshi mawili, hái na huán. Hapa ni hái, "bado". Programu za kusoma kwa sauti zinaweza kuikosea.

Angalia pia kile ambacho hakipo. Hakuna "mimi". Hakuna wakati, uliopita wala uliopo. Hakuna chozi hata moja. Hakuna nyuzi, ingawa kukata na kupanga kunamfanya msomaji azione. Jina la nchi halitajwi, wala ufalme.

Maamuzi manne kabla ya kuhesabu mizani

*Nafsi.* Kitenzi cha Kichina kinasimama bila mwenyewe. Cha Kiswahili hakisimami: napanda, anapanda, wapanda. Ukiandika "napanda", umelifanya ungamo la mfalme. Ukiandika "anapanda", umelifanya hadithi. Njia za kukwepa ni mbili. "Hupanda" haibebi nafsi, lakini inaleta mazoea, kana kwamba ni kazi ya kila jioni. "Kupanda" haibebi nafsi wala wakati, na masikio ya Kiswahili huikubali vizuri katika shairi. Tunashauri hiyo.

*Msimu.* Kamusi zitakupa "vuli". Kwa msomaji wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, mbegu ardhini na matope mlangoni. *Qing qiu* ni kinyume chake: hewa kavu, anga safi, ubaridi unaoingia. Kipupwe kinakaribia zaidi kwa hisia ingawa miezi yake ni mingine, na kwa kuwa shairi halitaji mwezi wa kalenda, hisia ndiyo inayohesabika. Chagua kipupwe.

*Mti.* Wutong (Firmiana simplex kwa jina la kisayansi) ni mti wa uani nchini China unaojulikana kwa kuangusha majani yake makubwa mapema. Hatuna jina lake. Usitie mwembe wala mkungu ili kuliziba pengo, maana miti hiyo inakuja na harufu na kumbukumbu zake. Andika "miti" tu, au tumia jina "wutong" ukiwa na nafasi ya silabi na tayari kueleza pembeni.

*Jengo.* *Lou* ni nyumba ya ghorofa ambayo mtu huipanda ili atazame mbali. "Mnara" unapeleka akili msikitini au ngomeni. "Roshani" ina kitendo chenyewe cha kusimama juu na kutazama.

Uwiano badala ya idadi

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. Silabi 36 za Kichina hubeba maneno yanayohitaji karibu mara mbili yake kwa Kiswahili, kwa sababu vitenzi vyetu vina viambishi. Anayejibana kwenye mizani 36 hutoa simu ya zamani ya posta, maneno yaliyokatwakatwa. Anayeachia huru hutoa insha. Njia inayofanya kazi ni kulinda uwiano: 6, 3, 9 iwe 12, 6, 18, na 3, 3, 3, 9 iwe 6, 6, 6, 18. Jumla 72.

Bahati nzuri kipande cha mizani 6 ni cha kawaida kwetu: mshororo wa 12 unagawika ukwapi (nusu ya kwanza) 6 na utao (nusu ya pili) 6, na wa 18 unakuwa vipande vitatu. Vina vitano vya kwanza tafuta kimoja chenye maneno mengi. *-Ana* kinafaa kwa sababu "kutengana", neno ambalo shairi linazunguka, linaishia hapo. Vile viwili vya katikati tulivipa *-ati*.

Matokeo:

Kupanda roshani, pasi kunenana,
mwezi ni ndoana.
Miti ya upweke, ua wa kilindi kipupwe wabana.

Wakata, hukati;
wapanga, hupati;
ndiko kutengana.
Moyoni mwa moyo ladha imetua, isiyofanana.

Hesabu mwenyewe kwa vidole. Ku-pa-nda-ro-sha-ni, sita, pa-si-ku-ne-na-na, sita. Usihesabu *mb*, *nd* au *ng* kama silabi pekee hapa. Konsonanti hizo zinaungana na irabu inayofuata. Lakini *m* ya "mtu" au "mke" ni mizani kamili, na wengi huisahau.

Sasa orodhesha hasara, kwa uaminifu, maana tafsiri isiyojua ilichopoteza haiwezi kurekebishwa. Magharibi imetoka. Jina la mti limetoka. "Kama" imekuwa "ni", kwa hiyo mwezi wetu ni mkali kuliko wake. Huzuni haikutajwa kwa jina, imebaki ndani ya kutengana. Kichina kinaishia moyoni, chetu kinaishia kwenye ladha isiyofanana na nyingine. Na mpangilio wa toni hauwezi kuvushwa kabisa. Kilichopatikana: "pasi kunenana" inabeba kwa pamoja ukimya na upweke wa mtu asiye na wa kusema naye, na mishororo mitatu mifupi inagonga palepale inapogonga ile ya asili kabla ya mshororo mrefu kufunguka.

Mshororo huo mrefu ndio Li Yu mwenyewe. Katika tuni hii anabana pumzi kwa silabi tatu, kisha anaiachia kwa tisa. Ukivunja umbo hilo, huzuni inabaki kuwa habari tu.

Yanayoharibika mara kwa mara

Kulitia shairi kwenye tarbia, ubeti wa mishororo minne, ya mizani 16. Ubeti mmoja wa namna hiyo una mizani 64, jirani kabisa na 72 zetu, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Lakini mishororo yote inalingana, na ile 3, 3, 3 inazama. Utajikuta pia unaongeza "ewe", "hakika" na "kwa yakini" ili ujaze.

Kuongeza machozi. Mtafsiri anajua kisa cha mfalme mateka, anaona huruma, anaandika "nalia kwa uchungu". Shairi halikulia. Lilipanda, likatazama, likashindwa kukata.

Kuingiza historia. "Ufalme wangu uliopotea" haumo. Msomaji wa Kichina anaujua kutokana na maisha ya mtunzi. Mpe wako maelezo ya mistari mitatu juu ya shairi na uliache shairi lenyewe wazi.

Kuogopa tofauti za nakala. Katika Yu Meiren, kwa mfano, utakuta vitabu vingine vina *ying you zai*, "huenda bado zipo", na vingine *yi ran zai*, "zipo vilevile". Hayo si makosa ya uchapaji. Chagua moja, uitaje, uendelee.

Ukitaka kuendelea

Anza na shairi la tuni ya Wang Jiangnan linaloanza kwa *duo shao hen*: silabi 27, mpangilio 3, 5, 7, 7, 5. Mara mbili yake ni 6, 10, 14, 14, 10. Uzito wake ni kwamba uchungu umetajwa katika silabi tatu za mwanzo tu. Zilizobaki ni ndoto ya furaha, magari kama maji yatiririkayo na farasi kama joka. Usirudie uchungu mwishoni. Yeye hakurudia.

Kisha Langtaosha, silabi 54, na mwisho Yu Meiren, 56: 7, 5, 7, 9 mara mbili, vina vikibadilika kila mishororo miwili, sauti nne kwa jumla. Aliyezoea ukaraguni, yaani shairi ambalo vina vyake hubadilika, hatababaika. Herufi ya mwisho ya mshororo wa kwanza, 了, isome *liǎo*, "kuisha", na si *le* ya Kichina cha kila siku. Ukisoma *le* kina kinakufa na maana pia. Upepo wa mashariki katika mshororo wa tatu ni upepo wa majira ya kuchipua. Kwa aliyelelewa na kaskazi na kusi hauna maana hiyo, kwa hiyo utauhitaji msimu utajwe.

Mshororo wa mwisho wa Yu Meiren ni silabi tisa: *qià sì yì jiāng chūn shuǐ xiàng dōng liú*. Anaulizwa ana huzuni kiasi gani, na anajibu kwa kipimo: mto mmoja mzima wa maji ya machipuko ukielekea mashariki. Hapa Kiswahili kina nguvu isiyotarajiwa. "Maji ya masika" yanakuja miezi ileile ya Machi hadi Mei, yanajaza mito vilevile, na Rufiji nao unashuka mashariki kuelekea baharini. Tumia masika bila woga, na *yi jiang* iache kuwa kipimo: "mto mzima", kamwe si "kama mto". Mizani yako ni 18, vipande vitatu vya sita, na kitenzi cha kutiririka kiwe cha mwisho.